Swali Nililolipeleka Kolwezi

Mlikuja kunipokea stendi ya Mbezi mkiwa na fulana za timu, nami nikawapita na begi langu, nikapanda bodaboda kama vile sikuwajua. Nisameheni. Tangu siku ile simu haitulii. Mmoja anauliza kama Kocha ni mzima, mwingine kama nimepata kazi, na yule mchokozi wenu, mnamjua, anauliza kama nimemwacha mchumba Kongo. Nimeona niandike mara moja, msomeane, mniache nipumzike.

Kwa mlioingia timu majuzi: Kocha Harshad ni Mhindi wa Uhindini hasa, si wa Upanga hapa Dar. Alicheza kriketi ya majimbo kwao misimu kumi na minane, kisha klabu yetu ikamleta Dar kufundisha. Alitukuta tukirusha mpira kama tunafukuza kuku. Mimi nikawa mrushaji wake wa mpira wa taratibu, ule unaodunda kisha ukageuka upande mpigaji asikotegemea. Mwaka tulioalikwa Nairobi kwa mara ya kwanza, hakuna msichana aliyeangusha wiketi nyingi na kuwatoa wapigaji wengi kuliko mimi. Kocha akabandika orodha ya wachezaji kumi na wanne kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, akawasha pikipiki, akaondoka kabla hatujaisoma.

Niliisoma mara tatu. Sikuwemo.

Jumatatu yake akaniambia, "Rehema, njoo nisaidie na watoto wadogo." Nikaenda. Nilimsaidia miaka saba, mpaka alipohamia Kongo, na timu ya kwanza sikuichezea tena. Sikumwuliza kwa nini, naye hakusema. Mwaka huu akanipigia kutoka Kolwezi: magoti yamekwisha, anarudi kwao, kuna timu ya wanawake, njoo uichukue. Niliwaambia naenda kuangalia kazi. Ukweli ni kwamba nilikwenda kuuliza kwa nini sikuwemo kwenye orodha. Nina miaka arobaini na moja, na bado nilikuwa naamka asubuhi na lile swali.

Dar es Salaam hadi Lubumbashi

Basi lilitoka vizuri, na kwa hilo tu ningepaswa kushtuka. Tulivuka Tunduma, tukaimaliza siku ya kwanza ndani ya Zambia tukiimba na redio, kisha mbele kidogo ya Mpika injini ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Dereva akasema dakika ishirini. Tulikaa siku mbili.

Abiria wengine walikuwa wafanyabiashara wanaojuana. Walitandika kanga, wakacheza karata, wakagombana, wakapatana. Mimi nilikaa juu ya mfuko wangu mrefu wa turubai wenye magongo sita ya kriketi, maana Kocha alisema Kolwezi hayapatikani. Mama mmoja wa pale barabarani aliniuzia nshima, yaani ugali wao, na majani yaliyopikwa kwa karanga, matamu kupita kiasi. Nilitaka kumwambia mtu kwamba ni matamu. Nilimtazama huyu, nikamtazama yule, kila mtu ana mwenzake. Simu yangu ililia mara moja tu kwa siku zote mbili, na ulikuwa mtandao wa simu wa Zambia ukinikaribisha nchini.

Nyinyi mnanijua kwa makelele. Lakini nyumbani kwangu, tangu mama afariki, naweza kukaa kuanzia Ijumaa hadi Jumapili jioni bila kusikia sauti yangu mwenyewe. Pale Mpika ilikuwa vilevile, ila na mbu.

Kasumbalesa, mpakani, malori yamepangana mpaka jicho linachoka. Madereva wa Kitanzania wanaishi pale kwa wiki nzima, wamefunga vyandarua chini ya matrela, wanapika. Mmoja alinipa chai ya tangawizi, akaniuliza habari za mvua nyumbani, nikamjibu kirefu kuliko alivyotaka. Alasiri nikaingia Lubumbashi.

Lubumbashi hadi Likasi

Kesho yake nilipanda basi la Kolwezi. Pembeni yangu alikaa Mama Régine, mwanamke mpana, mchangamfu, anayenunua bitoyo, samaki wa chumvi, na kuwapeleka hadi Dilolo kwenye mpaka wa Angola. Ndoo zake mbili ziliwekwa chini ya miguu yetu, na harufu yake sitaisahau. Mfuko wangu haukuingia kokote, basi niliukumbatia, na vichwa vya magongo vikawa vimechungulia juu.

Akavitazama kwa muda mrefu, kisha akanigusa goti.

"Mama, uko naenda kupika ku kilio ya nani?"

Sikuelewa. Akayagusa magongo. Kumbe kule msiba ukitokea, wanawake wa ukoo husafiri na miiko yao mikubwa ya kusongea bukari, ugali wa watu mia, na magongo yangu kwa upana wake na mpini wake yalikuwa miiko kamili, tena ya ukoo wenye watu wengi. Nikafungua mdomo kumweleza mchezo wa kriketi. Nikaona nianze wapi? Nilikuwa nimechoka. Nikasema tu, "Naenda Kolwezi."

"Pole sana, mama," akasema, na akanishika mkono.

Mpaka tunafika Likasi basi zima limeshajua kwamba mama wa Tanzania amefiwa. Kijana wa mbele akanipisha kiti cha dirishani. Mzee mmoja akavua kofia, akanitia moyo, "Courage, mama. Mungu eko." Pale tuliposimama kula, Mama Régine alifungua kanga yake, akanimegea bukari na sombe, kisamvu chao, na kipande kikubwa cha samaki. "Kula. Mutu wa kilio anasahauka kula." Nilikula kama mtu ambaye kweli amefiwa, na sikusema chochote. Aibu nilikuwa nayo, lakini njaa ya kupewa chakula na mtu ilikuwa kubwa zaidi.

Fungurume

Kabla kidogo ya Fungurume lori la shaba lilikuwa limelala ubavu katikati ya barabara. Mabamba yake mekundu yametapakaa hadi mtaroni, askari wameyazunguka wasije watu wakayabeba. Jua linawaka, vumbi ni la rangi ya matofali, magari yamefunga nyuma na mbele. Tulikaa pale kwa muda wa saa tano.

Wanawake wa kwaya fulani walikuwa kwenye basi letu. Kukaa bure hawakuweza, basi wakateremka, wakasimama kivulini mwa basi, na yule kiongozi wao akaja kwangu. "Mama, tutakuimbia. Ni juu ya mufu wako." Nilitikisa kichwa kukataa, wao wakadhani ni majonzi. Wakaimba nyimbo za msiba sauti nne, taratibu, na madereva wa malori wakazima injini kwa heshima.

Hapo nikalia. Nasema kweli, sikuigiza. Nililia mpaka kamasi, Mama Régine ananipangusa kwa kitenge chake chenye harufu ya samaki, na kila nilipodhani nimemaliza, wale mama wanaanza ubeti mwingine.

Walipotulia nikaona siwezi kuendelea na uongo. Nikamwambia Mama Régine kwa sauti ya chini kwamba hakuna aliyekufa, kwamba miti ile ni ya mchezo, wa kupigia mpira. Alinitazama. Akacheka mpaka akashika mbavu, akaahidi hatawaambia wale wanakwaya maana wameimba vizuri. Kisha akaacha kucheka.

"Sasa ulikuwa nalia juu ya nini?"

"Kuna mtu aliniacha nyuma zamani," nikasema. "Naenda kumwuliza kwa nini."

"Bwana?"

"Mwalimu."

"Mi bwana aliniachaka na batoto inne. Sikumuuliza. Nilijua atasema bongo tu." Kwao bongo ni uongo. Akafunga vizuri mfuniko wa ndoo yake. "Lakini weye uende. Umekwisha kutoka mbali."

Tuliagana Kolwezi stendi. Yeye alikuwa na gari la kuunganisha, akaondoka bila kugeuka, ana haraka na samaki wake. Mtu niliyemjua kwa siku moja, na nilisimama pale nikimtazama mpaka gari lilipopinda.

Kolwezi

Kocha alikuja kunichukua na fimbo. Wale mnaomkumbuka akikimbia mizunguko kumi mbele yetu, acheni kumkumbuka hivyo. Amekuwa mdogo, nywele nyeupe, na hatua moja anaipanga kabla ya kuipiga.

"Rehema. Wewe mwembamba sana. Njiani hawakulishi?"

"Walinilisha, Kocha."

Anaishi chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri la Mhindi mwenzake. Kitanda, jiko la mafuta, kiti kimoja. Alinipa mimi kiti, yeye akakaa kitandani, tukala wali uliopikwa pamoja na dengu. Sufuria yake ni ya mtu mmoja, ikabidi apike mara mbili. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mtu mkubwa wa kumkasirikia, na nilimkuta huyu.

Katika miaka yote ile Dar hakuwahi kutusimulia maisha yake ya uchezaji. Jioni ile alisimulia bila kuulizwa. Alikuwa mrushaji wa mkono wa kushoto, mpira wa taratibu kama wangu. Misimu kumi na minane alilichezea jimbo lake, akisafiri kwa treni siku mbili kwenda kucheza siku nne, analala mabwenini, anarudi kazini katika ofisi ya reli iliyomwajiri kwa ajili ya mchezo. Kila msimu ukiisha, alikwenda stesheni alfajiri kununua gazeti lenye majina ya timu ya taifa. Hakuna aliyempigia simu kumwambia yumo au hayumo. Alisoma gazeti akiwa amesimama, akalikunja, akaenda kazini.

"Mwaka moja niliangusha wiketi nyingi kuliko mtu yote ya kushoto katika nchi," akasema. "Nikanunua gazeti mbili. Nilifikiri moja nitapeleka kwa mama."

"Ukawemo?"

"Hapana. Mama nilipelekea maembe."

Alipostaafu akaanza kufundisha watoto jioni, kisha Dar, kisha Kolwezi, ambako Wahindi wenzake wenye maduka na wa viwandani walitaka timu. Wale wanaume waliikimbia baada ya mwaka, kazi zimewabana. Wakabaki wanawake wa mtaani waliokuwa wakija kutazama. Akawachukua hao. Nilitaka kuuliza swali langu palepale, sahani mkononi. Sikuweza. Nilimuonea huruma, na nikajichukia kwa huruma ile.

Siku ya orodha

Uwanja wao ni kipande cha ardhi nyekundu kati ya ukuta wa kiwanda na nyumba za watu. Katikati wanatandaza mkeka mrefu wa makumbi, wanaupigilia misumari, wanaumwagia maji kidogo vumbi litulie. Wachezaji ni kumi na watatu. Wengi wao asubuhi wanaosha mawe ya madini kwenye maji pamoja na wachimbaji wadogo, mchana wanakuja kudaka mpira. Mlinda wiketi wao, anayedaka mipira nyuma ya mpigaji, anaitwa Ngoie, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye sauti ya kuitisha mji. Ni yeye aliyeanzisha timu, ndiye anayewafuata wenzake majumbani.

Jumamosi alasiri, baada ya mazoezi, ilikuwa siku ya kuchagua wa kwenda Lubumbashi kwa mechi yao ya kwanza ya ugenini. Wanakwenda kumi na wawili. Wanawake walikaa chini kufungua viatu. Kocha akatoa karatasi mfukoni, akaibandika kwenye mlango wa kontena la vifaa kwa pini nne, akachukua fimbo yake, akaanza kuondoka.

Ilikuwa Dar tena, ila pikipiki imekuwa fimbo.

Niligeuka nikaitazama karatasi. Ngoie hakuwemo. Nikamkimbilia Kocha, nikamkuta kwenye kona ya ukuta.

"Kwa nini mimi sikuwemo?"

Hakujifanya hajui nasemea nini. Aliegemea fimbo kwa mikono miwili.

"Ulikuwemo," akasema. "Jina ya kwanza. Niliandika Rehema, halafu nikafuta."

"Kwa nini?"

"Nairobi kuna makocha kubwa. Wangekuona, wangekuchukua. Mimi Dar sikuwa na mtu. Kiswahili yangu mbaya, watoto walicheka. Wewe ulikuwa unawafundisha vizuri, ulikuwa unakaa na mimi baada ya mazoezi, tunaongea. Nikafikiri, akikosa hii, atabaki." Akafuta uso. "Ulibaki."

Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mengi. Kwamba nilikuwa mzito. Kwamba nilikuwa naogopa mechi kubwa. Miaka yote nilijirekebisha makosa niliyoyabuni mwenyewe. Jibu hili sikuwa nalo.

Tukasikia sauti ya Ngoie nyuma, kwenye kontena, akiuliza wenzake kama karatasi ina upande wa pili.

"Na yeye?" nikauliza. "Naye unamtaka abaki?"

"Hapana, hapana. Yeye vidole mbili imevunjika. Mkono ya kulia. Anadaka na kiganja, anaficha. Mpira ya Lubumbashi ni ya haraka, atapoteza mkono."

"Mwambie."

"Siwezi."

"Kocha."

"Sijawahi, Rehema. Kwetu hakuna mtu anasema. Orodha inasema."

Nikamwambia, na sauti yangu ilipanda mpaka watoto wa jirani wakachungulia, kwamba asipokwenda kumwambia Ngoie usoni, napanda basi leoleo na asinitafute tena maishani. Alinitazama kana kwamba nimempiga. Kisha akageuka, akaanza kurudi. Uwanja ule si mrefu, lakini kwa magoti yale ulikuwa mrefu. Sikumfuata.

Niliwaona kwa mbali. Alisema neno, akaonyesha mkono wake. Ngoie akauficha wa kwake nyuma. Akasema tena. Ngoie akautoa, na hata kutoka pale nilipokuwa niliona jinsi vidole vilivyovimba. Halafu sauti ikaja, na hiyo haikuhitaji mtu awe karibu.

"Siku yote unaonaka, unanyamaza tu! Ungeniambia lundi, ningeenda ku hôpital lundi! Mi njo nilileta hii équipe, Tata! Mi njo nilibaleta bote!"

Aliendelea hivyo, kuhusu Jumatatu na timu aliyoileta, akilia, akipiga mlango wa kontena kwa mkono mzima, na Kocha amesimama palepale ameinamisha kichwa, hakuondoka. Wenzake hawakumtuliza Ngoie. Walimwacha amalize.

Kocha aliporudi alikuwa anahema.

"Amekasirika sana," akasema.

"Ndiyo."

"Miaka kumi na nane mimi sikuwa na mtu ya kukasirikia. Gazeti tu." Akakaa juu ya jiwe. Kisha akasema, "Mkono yake itachukua miezi. Labda Ngoie anaweza kunisaidia na watoto."

"Usithubutu!"

Akashtuka, akaelewa, akafunga macho. "Nitamuuliza kwanza," akasema. "Nitamuuliza yeye anataka nini."

Ndipo mimi nami nikamkasirikia. Sitayaandika niliyosema, mengine hayafai kusomewa mama zenu. Alikaa juu ya jiwe lake akayapokea yote, na nilipomaliza alisema, "Pole, Rehema. Nilikuibia." Nikasema ndiyo, umeniibia. Hatukukumbatiana. Tuliukunja mkeka pamoja, maana mtu mmoja hawezi kuubeba.

Kurudi

Timu ilikwenda Lubumbashi, ikafungwa vibaya. Ngoie aliwasindikiza hadi kwenye gari, mkono una bendeji ya hospitali, akawapigia kelele za maelekezo mpaka dereva akafunga dirisha.

Kazi niliikataa. Nilimwambia Kocha, "Ulinichagulia kazi mara moja. Safari hii nachagua mwenyewe." Magongo niliwaachia. Asubuhi ya kuondoka alinifuata stendi, akasimama dirishani mwa basi hadi lilipowasha injini. Nilimwambia bado nina hasira naye. Akasema sawa, nimpigie simu hata kwa hasira. Nilimpungia mkono. Kumsamehe bado sijamsamehe, kama ndicho mlichotaka kujua, ila nimeshampigia mara mbili.

Njia ya kurudi basi halikuharibika hata mara moja. Nilitamani liharibike. Nilikuwa na jambo la kufikiri na barabara ikawa fupi.

Maana ni hivi. Miaka kumi na sita nimejizoesha kwamba sikuweza. Nilishaijengea nyumba habari hiyo nikakaa ndani yake: ndiyo maana nafundisha, ndiyo maana sichezi, ndiyo maana mkinitupia mpira mazoezini naurudisha kwa mkono wa chini kama mama mtu mzima. Sasa nimeambiwa niliweza. Jina la kwanza. Na hakuna wa kunirudishia ile safari, hata yeye aliyeichukua. Siku mlipokuja kunipokea mngeniuliza, "Habari za huko?" na ningeangua kilio katikati ya stendi, na pale Mbezi hamna kwaya.

Jumamosi nitakuja uwanjani. Sitakuja na filimbi, na watoto wadogo mtafuteni mtu mwingine wa kuwashika. Nitasimama mwisho wa mkeka upande wa mrushaji, na naomba mtu anipe mpira.